Nani Analipia Jarida? Kutoka Matbaa ya Tanga hadi Kishikwambi cha Akheri

Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022 ilifanyika kwa vishikwambi. Makarani zaidi ya laki mbili walipita kaya kwa kaya wakibonyeza vioo, na hesabu ilipokwisha Serikali ikaamua vifaa hivyo viende kwa walimu wa shule za umma. Vikafika hadi mitelemko ya Mlima Meru, katika kata kama Akheri iliyo jirani na Tengeru, ambako shule, kanisa na shamba la kahawa na migomba vimekaa bega kwa bega kwa zaidi ya karne. Kwa mwalimu, hicho kilikuwa kitendea kazi kipya. Kwa mchapishaji wa jarida la Kiswahili kilikuwa na maana nyingine: msomaji wake wa siku zote sasa ana skrini ya inchi kadhaa mkononi, na hakuinunua mwenyewe.

Hapo ndipo bajeti inapoanza kumkuna kichwa. Kulitoa jarida kwenye karatasi na kuliingiza katika programu ya kishikwambi kunagharimu nini, na gharama hiyo inamwangukia nani? Wengi hudhani jibu ni jepesi: ukifuta karatasi, wino na nauli, umepata faida. Historia ya majarida ya Kiswahili inaonyesha vinginevyo. Tangu mwanzo, msomaji hajawahi kulipia gharama kamili ya kile anachosoma. Kila zama zilikuwa na mlipaji wake, na kila mlipaji alipobadilika, gharama zilihamia kwingine.

Gazeti la kwanza la Kiswahili, Msimulizi, lilitoka Kiungani, Unguja, mwaka 1888. Mlipaji alikuwa misheni ya Kianglikana ya UMCA, na sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na wanafunzi wa shule yake. Mwaka 1904 shule ya Serikali ya Wajerumani mjini Tanga ilianzisha Kiongozi, jarida la kila mwezi. Hapo mlipaji alikuwa dola. Matbaa ilikuwa ya shule na walimu walikuwa waandishi. Walimu hao hao, pamoja na maakida na makarani, walikuwa wasomaji na wasambazaji. Kiongozi lilidumu hadi Waingereza walipoingia Tanga mwaka 1916. Mwaka 1910 Dar es Salaam ilipata mawili kwa mpigo, Pwani na Bara la misheni ya Kilutheri na Rafiki Yangu la Wakatoliki. Ukiyachunguza yote manne utaona bajeti yake ilijengwa juu ya kitu kimoja: kazi ya wanafunzi na walimu ambayo haikuhesabiwa kwa bei ya soko.

Mlima Meru uliingia katika ulimwengu huo wa maandishi kwa njia ya damu. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akheri siku chache tu baada ya kupiga kambi. Wajerumani walijibu kwa kisasi kikali kilichowakumba watu wa Meru na wa Arusha. Misheni ilirejea mwaka 1902 na kujenga kituo Nkoaranga, upande wa juu. Kutoka huko zikaenea shule za vijijini, na pamoja nazo watu waliojua kusoma. Msomaji wa kwanza wa Meru, kwa maneno ya kibajeti, alikuwa uwekezaji wa misheni. Kabla gazeti halijachapwa nakala moja, kuna mtu aliyekwisha kulipa mwalimu, ubao na kitabu cha kwanza.

Usafirishaji ulikuwa habari nyingine. Reli ya Tanga ilifika Moshi miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, lakini Arusha haikupata treni hadi mwaka 1929. Katikati ya miaka hiyo, mfuko wa barua ulioshushwa Moshi ulibebwa kwa njia ya ardhi kando ya mlima, ukivuka mito inayoteremka kutoka Meru. Kitabu cha hesabu cha matbaa ya Tanga au Dar es Salaam kilionyesha karatasi na risasi za herufi. Mwendo wa mwisho, kutoka stesheni hadi mlango wa msomaji, ulibebwa na posta ya Serikali au na mtu mwenye miguu yake.

Januari 1923 Waingereza walianzisha Mambo Leo, jarida la kila mwezi chini ya Idara ya Elimu. Kwa takriban miaka arobaini likawa uwanja ambapo walimu na makarani wa bara na pwani walisalimiana, walibishana kuhusu mila na kupeleka mashairi. Shaaban Robert alikuwa miongoni mwa washairi waliochapishwa humo. Jarida liliuzwa kwa bei ndogo ambayo karani aliweza kuimudu, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na hazina ya Serikali. Serikali nayo ilipata ilichokitaka: sauti yake kusomwa kila wilaya.

Mtu aliyejaribu kinyume chake alikuwa Erica Fiah, mfanyabiashara mzaliwa wa Uganda aliyeishi Dar es Salaam. Mwaka 1937 alianzisha Kwetu, gazeti la Mwafrika lililomilikiwa na Mwafrika. Hakuwa na idara wala misheni nyuma yake. Alitegemea mauzo, matangazo na mfuko wake mwenyewe, na kwa hiyo gazeti lilitoka pesa zilipopatikana na kuchelewa zilipokosekana. Hata hivyo alilisukuma hadi mwaka 1951, jambo linalostahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Kwetu ndiyo bajeti ya kwanza ya gazeti la Kiswahili Tanganyika iliyomweka msomaji katikati, na ilionyesha jinsi mfuko wa msomaji ulivyo mfupi.

Mfupi, lakini haujafungwa. Mwaka huo huo wa 1951 Serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, upande wa kaskazini wa mlima, ili ardhi ipewe walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, kuwasilisha malalamiko yao, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Safari hiyo iligharamiwa kwa michango ya Wameru wenyewe. Miaka kumi na tano baadaye, mwaka 1967, Japhet na Seaton walichapisha Nairobi kitabu kuhusu kesi hiyo. Kwa mchapishaji anayesema watu wa vijijini hawalipi, kisa hiki kinampa la kufikiri. Walilipa, tena mapema na kwa jambo lisilo na uhakika, kwa sababu lilikuwa lao.

Baada ya uhuru walipaji waliongezeka. Kulikuwa na chama na Serikali. Kulikuwa na wenye matbaa binafsi kama Randhir Thaker, ambaye Ngurumo yake, iliyoanza mwaka 1959, ilisimama juu ya mgongo wa kiwanda chake cha uchapaji hadi ilipofungwa mwaka 1976. Kisha wakaja wafadhili wa nje. Kampeni ya elimu ya watu wazima ilipopamba moto, gazeti la vijijini Elimu Haina Mwisho lilianzishwa Mwanza mwaka 1974 ili waliojua kusoma wasisahau. Karatasi yenyewe ikawa suala la taifa. Kiwanda cha Mgololo, Mufindi, kilianza uzalishaji mwaka 1985 kikiwa na ndoto ya kuipunguzia nchi fedha za kigeni zilizoteketea kuagiza karatasi.

Mfano mkubwa kuliko yote wa zama za ufadhili ni jarida la Fema, lililoanza mwaka 1999 chini ya asasi ya Femina. Lilifika bure katika shule za sekondari nchi nzima, likawa miongoni mwa machapisho yenye nakala nyingi kabisa nchini. Kijana aliyelisoma hakutoa hata shilingi. Bajeti yake ilipangwa kwa lugha ya miradi: malengo, viashiria, ripoti ya robo mwaka.

Arusha nayo ina mfano wake, tena ulio karibu zaidi na maisha ya Akheri. Mwaka 2011 lilianza Mkulima Mbunifu, jarida la kilimo hai linalotayarishwa mjini Arusha kwa ufadhili wa taasisi ya Biovision ya Uswisi, kwa ushirikiano na asasi ya Sustainable Agriculture Tanzania ya Morogoro. Ndugu yake mkubwa, The Organic Farmer, alikuwa tayari anasomwa Kenya. Mkulima Mbunifu ni jarida jembamba la kurasa chache, linalogawiwa bure kwa vikundi vya wakulima, na linaeleza mambo yanayoeleweka bila kamusi: mboji, dawa za asili za wadudu, ufugaji wa kuku. Nakala moja husomwa na kikundi kizima. Toleo hilo hilo huwekwa kwenye tovuti kama faili la PDF, na yeyote mwenye simu anaweza kulipakua.

Hiyo ni namna ya bei nafuu kuliko zote ya kulihamisha jarida. Kurasa zilezile alizozisanifu msanifu kwa ajili ya matbaa zinahifadhiwa kama faili, na faili linapandishwa mtandaoni. Programu ya kishikwambi ni jambo jingine kabisa, na ili kuelewa ukubwa wa bili yake inafaa kuangalia waliolipa bili hiyo mwanzo.

Apple ilianza kuuza iPad tarehe 3 Aprili 2010, na wachapishaji wa Marekani wakaikimbilia. Mwezi uliofuata jarida la Wired lilitoa programu yake kwa dola 4.99 na kuuza zaidi ya nakala 100,000. Lakini toleo hilo lilikuwa na uzito wa takriban megabaiti 500, kwa sababu kila ukurasa ulihifadhiwa kama picha, tena mara mbili: moja ya kifaa kilichosimama na nyingine ya kilicholazwa. Msanifu alifanya kazi maradufu, na msomaji akasubiri upakuaji umalizike. Kufikia Novemba mwaka huo mauzo yalikuwa yameshuka hadi karibu nakala 23,000.

Februari 2011 Rupert Murdoch alizindua The Daily, gazeti lililotengenezwa kwa ajili ya iPad peke yake. Lilianza kwa dola milioni 30, na uendeshaji wake ulikadiriwa kugharimu dola nusu milioni kila wiki. Msomaji alilipa senti 99 kwa wiki. Lilipata wasomaji wa kulipia zaidi kidogo ya 100,000, idadi ambayo mhariri wa Kiswahili angeipokea kwa vigelegele. Hesabu hata hivyo haidanganyi. Wasomaji 100,000 kwa senti 99 ni dola 99,000. Toa asilimia 30 ya Apple, zinabaki kama 69,000, nazo zinatakiwa kulipa bili ya 500,000. Tarehe 15 Desemba 2012 The Daily lilifungwa. Halikuwa limechapa karatasi hata moja.

Fundisho lake la kibajeti liko wazi. Katika matbaa, nakala ya kwanza ni ghali na kila inayofuata inagharimu karatasi, wino na nauli. Katika programu, karibu gharama yote imo katika nakala ya kwanza: waandishi, wahariri, wasanifu na mafundi wa programu. Nakala ya elfu kumi haimwongezei mchapishaji karibu chochote, lakini pia haimpunguzii mzigo wa ile ya kwanza. Jarida dogo linalookoa gharama ndogo ya karatasi na kubeba gharama kubwa ya mafundi limefanya biashara mbaya.

Mchapishaji wa Arusha anayekaa leo na karatasi ya bajeti mbele yake ataanza na vipengele vidogo. Kufungua akaunti ya msanidi katika duka la Google ni dola 25 mara moja tu. Kwa Apple ni dola 99 kila mwaka. Kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola, hizo ni shilingi 62,500 na 247,500. Kwa kuwa wasomaji wengi wa Tanzania wanatumia Android, kipengele cha Apple huweza kusubiri. Tangu mwaka 2021 maduka yote mawili yamewapunguzia wafanyabiashara wadogo makato kutoka asilimia 30 hadi 15, kwa hiyo toleo la shilingi 1,000 linaloliachia duka shilingi 150 linamwachia mchapishaji 850. Bado kuna tatizo la njia ya malipo. Msomaji wa Tengeru ana pesa kwenye simu, si kwenye kadi ya benki. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008 watu wamezoea kulipia ada, umeme na mbolea kwa namba ya siri, na programu isiyoweza kupokea malipo hayo itabaki pambo. Kuunganisha mfumo huo kunahitaji fundi, mkataba na makato mengine.

Kisha kuna Serikali. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mtoa habari mtandaoni alipe shilingi 100,000 za maombi, milioni 1 ya leseni na milioni 1 ya ada ya mwaka. Shilingi milioni 2.1 kabla ya neno la kwanza kusomwa! Ada zilipunguzwa baadaye, ila kipengele kimebaki, na pamoja nacho hatari inayotakiwa kutengewa akiba. Aprili 2020 leseni ya mtandaoni ya gazeti la Mwananchi ilisimamishwa kwa miezi sita pamoja na faini ya shilingi milioni 5. Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za kampuni inayolichapisha zilisimamishwa kwa siku 30. Kampuni yenye magazeti ya karatasi mezani inaweza kuendelea kuuza asubuhi inayofuata. Jarida lililohamia lote kwenye programu linanyamaza.

Kipengele kikubwa kuliko vyote hakionekani kabisa katika bajeti ya mchapishaji, kwa sababu kimehamia kwa msomaji. Zamani kifurushi cha majarida kilipanda basi, kondakta akalipwa, na gharama ikaandikwa kitabuni. Siku hizi msomaji ananunua bando. Bei yake inauma kiasi gani ilidhihirika tarehe 2 Aprili 2021, viwango vipya vya vifurushi vilipoanza kutumika na malalamiko yakawa mengi hata Serikali ikasitisha siku hiyo hiyo. Jarida la megabaiti 500, kama lile la Wired, lingemaliza kifurushi cha wiki cha mwalimu kabla hajafika ukurasa wa yaliyomo. Mhariri anayeamua kuweka video tatu katika kila toleo anaamua pia nani hatalisoma. Hii ndiyo sababu PDF nyepesi ya kurasa chache, inayorushwa kutoka simu hadi simu ndani ya kundi la wakulima, inaenda mbali kuliko programu ya kifahari.

Akheri pia inaonyesha kwamba karatasi haiwezi kushinda kila hoja. Ndani ya kata hiyo kipo Chuo cha Ualimu Patandi, kinachoandaa walimu wa elimu maalum. Kwa msomaji asiyeona, jarida la kawaida ni karatasi tupu, na toleo la nukta nundu ni nene, zito na ghali kiasi kwamba majarida mengi hayajawahi kulifikiria. Simu na vishikwambi vya leo vina programu za kusoma skrini kwa sauti: TalkBack kwenye Android, VoiceOver kwenye vifaa vya Apple. Kwa msomaji huyo jarida la kidijitali ni jarida lake la kwanza. Sharti ni moja, nalo liingie katika mkataba wa fundi tangu siku ya kwanza: maandishi yawe maandishi, yasigeuzwe picha. Ukurasa uliopigwa kama picha hausomeki vizuri na programu hizo, na kuurekebisha baadaye hugharimu zaidi ya kuutengeneza vizuri mwanzo.

Vipo hata vishikwambi vya walimu. Mwaka 1904 Kiongozi lilifika mikononi mwa mwalimu kwa sababu Serikali ilikuwa mwajiri wake na mwenye matbaa pia. Kishikwambi cha sensa kilimfikia mwalimu wa leo kwa njia inayofanana. Tofauti ni kwamba kifaa kinazeeka. Betri hufa, mfumo wake huacha kupokea masasisho, na programu iliyofanya kazi mwaka huu hukataa kufunguka baada ya miaka michache. Kwa hiyo bajeti ya kuhamia kwenye kishikwambi haikomi siku ya uzinduzi, na mchapishaji aliyeomba fedha za mfadhili kwa mwaka mmoja atajikuta mwaka wa tatu na programu isiyo na mlezi. Apple yenyewe ilifungua rafu maalum ya majarida, Newsstand, Oktoba 2011 na kuiondoa mwaka 2015. Wachapishaji waliokuwa wamepanga biashara yao juu ya rafu hiyo walilazimika kujipanga upya.

Kuna pia kipengele cha mwisho ambacho majarida mengi husahau kukihesabu: kuhifadhi. Mtafiti anayetaka Mambo Leo la miaka ya 1920 anaweza kulipata katika maktaba, Tanzania na ng'ambo, likiwa limechakaa lakini linasomeka, na sheria ya huduma za maktaba ya mwaka 1975 inamtaka mchapishaji wa kitabu au gazeti aweke nakala katika maktaba ya taifa. Anayetaka kufungua The Daily jinsi wasomaji walivyolifungua mwaka 2011 hana pa kwenda. Jarida la Arusha likitaka kuepuka hilo halihitaji fedha nyingi. Linahitaji kasma ndogo ya kila toleo: faili la PDF lihifadhiwe nje ya programu, na nakala chache zichapwe kwa ajili ya maktaba ya taifa, maktaba ya mkoa, Patandi na vyuo vya Tengeru.